Damu ya mwezi ikibadilika, usinyamaze

Mdogo wangu ameniruhusu niandike haya. Kwa muda mrefu akiingia kwenye siku zake alikuwa anabadilisha pedi karibu kila saa, usiku analalia kanga mbili zilizokunjwa, na mabonge ya damu yanatoka. Kila aliyemweleza alimjibu, "Ukoo wetu ndivyo tulivyo." Akawa anahema kwa kupanda ngazi tu, moyo unamwenda mbio, na mkobani hakosi udongo wa kutafuna. Huo udongo ndio ulionishtua, maana hamu ya kula udongo au barafu mara nyingi huendana na upungufu wa madini ya chuma.

Tulipopima, kiwango cha damu (hemoglobini) kilisoma gramu 6 kwa desilita. Mwanamke asiye na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu! Ultrasaundi ikaonyesha uvimbe kwenye kizazi, ule wa fibroidi, ambao si saratani. Ameanzishiwa vidonge vya kuongeza damu na matibabu ya uvimbe yamepangwa.

Dada zangu, kwa mtu mzima mzunguko wa siku 21 hadi 35 ni wa kawaida, na damu isizidi siku 7 hivi. Ikikosekana kwa miezi mitatu na huna mimba, au ikitoka baada ya tendo la ndoa, kapime. Na mama aliyekoma hedhi akiona damu tena, hata tone, asisubiri kabisa. Inaweza kuwa saratani. Mkienda, bebeni tarehe zenu mmeziandika, daktari lazima aziulize.