Nilitolewa juani, nikatolewa na kwenye maswali

Jumapili, jioni

Watu wakishajua nina ualbino, swali linalofuata huwa ni la hofu. Wanataka niwasimulie ile miaka ya kuanzia 2007, wenzetu walipokuwa wakiuawa na kukatwa viungo, hasa mikoa ya Kanda ya Ziwa. Nawaelewa. Mimi nimekulia Lindi, mbali na huko, lakini hofu ilitufikia hata sisi. Mama alikuwa akifunga mlango mapema, na magharibi ikishaingia hakukubali mtu yeyote anitume dukani. Hayo yameandikwa na yanapaswa kuendelea kuandikwa. Leo nina jambo jingine moyoni, ambalo halifiki gazetini kwa sababu wanaolitenda ni watu wema. Ni habari ya kukua huku hakuna anayekutegemea kwa lolote.

Darasa la tatu tulikuwa tunasoma kwa zamu. Mtoto anasimama, anasoma aya yake, anakaa, anafuata wa pembeni. Zamu ikifika kwenye dawati letu anasoma wa kushoto, kisha anasoma wa kulia. Mimi wa katikati narukwa. Siku ya kwanza nilisimama na kitabu changu mkononi, mwalimu akanipungia mkono, "Wewe kaa tu mwanangu, pumzika." Hakuna aliyecheka. Mwalimu yule alinipenda. Alinikalisha upande wa kivulini, mbali na dirisha, na wenzangu walipotoka kufyeka majani ya uwanja saa sita mchana aliniacha darasani, na hapo alikuwa sahihi kabisa, maana ngozi yangu ingebabuka. Lakini wema wake haukuishia kwenye jua. Nilihitaji kutolewa juani, nikatolewa na kwenye maswali. Daftari langu lilijaa vema. Nimeandika, sijaandika, vema. Mwaka ule nilikuwa naweza kupeleka ukurasa ambao hata mimi mwenyewe siwezi kuusoma, nao unarudi na vema.

Ualbino si ngozi peke yake. Melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, nywele na macho, ikikosekana, jicho nalo halikui inavyotakiwa tangu mtoto yuko tumboni: ile sehemu ya katikati ya retina, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, inayotuwezesha kuona vitu vidogo vizuri, haikomai. Macho yanachezacheza yenyewe, mwanga mkali unaumiza, na miwani inasaidia kiasi tu. Mtoto anaweza kukaa hatua chache kutoka ubaoni asione kitu zaidi ya ukungu wa chaki. Na haulizi, kwa sababu hajui kwamba wenzake wanaona. Mimi kwa muda mrefu niliamini kwamba wenzangu wana vichwa vyepesi vya kukumbuka aliyosema mwalimu, ndiyo maana wanaandika haraka vile huku wameangalia mbele. Nilijiona mzito. Watu wazima nao waliniona mzito, wakanihurumia mara mbili, kwa ngozi na kwa akili.

Nyuma ya huruma hiyo kulikuwa na hesabu ambayo watu hawaisemi mbele ya mtoto. Niliisikia nilipomaliza darasa la saba na kufaulu. Ada ya sekondari ya serikali ya kutwa wakati ule ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Baba mkubwa alikuja nyumbani, wakakaa na Mama uani, mimi niko ndani naosha vyombo. Nilimsikia akisema kwa sauti ya chini kwamba pesa hiyo ingemfaa zaidi mdogo wangu, kwa sababu watoto wa namna yangu hawafiki mbali, na hata wakisoma hawaishi. Yule yule Baba mkubwa ndiye aliyekuwa akininunulia kofia ya pama kila akienda Mtwara. Alinipenda, na moyoni mwake alikwishanizika. Wala hakuitoa hewani hesabu yake: aliwaona watu wenye ualbino wakifa vijana. Ila hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba kinachowaua wengi ni saratani ya ngozi, na kwamba saratani hiyo inazuilika kwa mikono mirefu, kofia pana na losheni ya kuzuia jua. Siku hizi losheni yetu inatengenezwa hapa hapa nchini, Moshi, pale hospitali ya KCMC. Kizazi cha Baba mkubwa hakikuwa nayo.

Mama hakubishana naye. Alimkaribisha chai, akamsindikiza, na Jumatatu akaenda kulipa.

Nikimfikiria Mama nakuta kwamba hakuwa na nafasi ya kunihurumia. Alikuwa na vitumbua vya kuuza. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, na kwa kuwa saa hizo jua halijatoka, zilikuwa saa zangu za kazi. Yeye anakaanga, mimi napokea wateja. Mama alisoma kidogo, hakupenda kuandika, kwa hiyo daftari la madeni lilikuwa mikononi mwangu. Niliandika kwa kalamu nene, herufi kubwa, majina manne kwa ukurasa. Lakini gizani pale na kibatari sikuweza kulisoma daftari mteja akiwa amesimama mbele yangu, kwa hiyo nililibeba kichwani. Fulani amechukua vya mia tano Jumanne, akalipa mia tatu Alhamisi, mia mbili bado. Jioni Mama ananihoji. "Mia mbili ya mama wa nyumba ya mabati iko wapi?" Nikibabaika ananikaripia hasa, kama anavyomkaripia mtu aliyempa dhamana ya mali. Nililia mara nyingi kwa ajili ya hizo mia mbili. Ila kwa hakika nasema, pale jikoni ndipo mahali pekee utotoni mwangu nilipodaiwa jibu.

Kidato cha pili alikuja mwalimu mpya wa hisabati. Zoezi la kwanza akanirudishia daftari limejaa mikasi myekundu ya makosa kutoka juu mpaka chini. Nilishtuka, nilikuwa sijazoea. Chini ameandika, "Njoo ofisini." Nikaenda. Akafungua daftari, akanyamaza muda mrefu akifuatilia kwa kidole mstari mmoja baada ya mwingine, kisha akauliza, "Hii 7 umeitoa wapi?" Nikamjibu, "Ubaoni, mwalimu." Akasema, "Ubaoni niliandika 1." Akaenda swali linalofuata: 8 yangu ilikuwa 3 yake. Linalofuata, alama ya kutoa nilikuwa sikuiona kabisa. Akachukua kalamu akaanza kukokotoa maswali yangu mwenyewe, yale niliyojitungia bila kujua, na yote yakatoka sawasawa na majibu yangu. Nilikuwa nimekosa kila swali lake na kupata kila swali langu.

Sijui ningekuwa wapi leo kama angeweka vema. Kuanzia siku ile, kila alichoandika ubaoni alikisoma kwa sauti, na wenzangu walikuja kupenda utaratibu huo kwa faida yao wenyewe. Maswali ya majaribio alininakilia kwenye karatasi kwa maandishi makubwa. Nikikosea, mkasi. Yeye ndiye aliyenifahamisha kwamba Baraza la Mitihani linaandaa karatasi za maandishi makubwa kwa watahiniwa wenye uoni hafifu, na kwamba ni lazima shule itoe taarifa mapema, wakati wa usajili. Mzazi unayesoma hapa, hilo la mapema lizingatie. Usisubiri wiki ya mtihani.

Nilikuwa kidato cha nne mwaka 2010 wakati Salum Khalfan Bar'wani aligombea ubunge Lindi Mjini kwa tiketi ya chama cha CUF. Barazani watu waliulizana kama ataweza kuyasoma makaratasi ya bungeni. Akashinda, akawa mtu wa kwanza mwenye ualbino kuchaguliwa kwa kura kuwa mbunge Tanzania. Miaka miwili kabla yake Al-Shaymaa Kwegyir, naye mwenye ualbino, alikuwa ameingia bungeni kwa kuteuliwa na Rais Kikwete. Mji mzima ulizungumza. Lakini kilichonigusa mimi kilikuja baadaye, sherehe zilipokwisha. Watu walianza kumlalamikia. Maji, barabara, bei ya korosho, "mbunge wetu yuko wapi?" Nilikuwa nikisikia maneno hayo sokoni na moyo unafunguka. Mtu mwenye ngozi kama yangu anadaiwa kazi na mji mzima! Mwaka 2015 aligombea tena akashindwa, kama wanavyoshindwa wabunge wengine.

Mwaka huo huo, mwezi Desemba, Dk. Abdallah Possi, mwenzetu mwingine mwenye ualbino, aliteuliwa naibu waziri, akishughulikia masuala ya watu wenye ulemavu. Nilifurahi. Mwaka 2017 alipoteuliwa kuwa balozi nchini Ujerumani nilifurahi zaidi, na nitasema kwa nini. Wengi wetu tukisoma tunarudishwa kwenye meza ya ulemavu, kana kwamba tulisoma ili tujizungumzie wenyewe maisha yote. Balozi anaiwakilisha nchi nzima. Nangoja kumwona mwenzetu akisoma bajeti ya serikali pale Dodoma.

Mimi niliendelea na uhasibu. Ofisi ya kwanza iliyonipa kazi ilinipokea vizuri mno. Nikapewa meza nzuri, kiyoyozi, na kazi ya kugonga mihuri na kupanga mafaili. Nikiuliza kuhusu vitabu vya hesabu, naambiwa, "Dada, usijichoshe macho." Ilikuwa sauti ile ile ya darasa la tatu, na nilikuwa na shahada. Mwisho wa mwaka hesabu za benki zikagoma kulingana na kitabu cha fedha, watu wakakesha. Nikaomba nipewe nakala nikae nayo. Kwenye kompyuta yangu nakuza maandishi mpaka kioo kinaonyesha safu chache tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo nyingine nazibeba kichwani, kama madeni ya vitumbua. Nikatazama kwanza ile tofauti yenyewe. Ilikuwa inagawanyika kwa 9. Mhasibu yeyote anajua maana yake: yaelekea mahali fulani tarakimu mbili zimebadilishana nafasi, mtu kaandika 4,500 badala ya 5,400. Nikatafuta tarakimu zilizopinduka, nikaipata hati. Tangu hapo kazi ya kulinganisha benki ikawa yangu, na nikikosea naitwa kwa meneja kama wenzangu.

Nimeyaandika haya yote kwa sababu jana amekuja kwangu mama mmoja wa Mbagala na mwanawe wa darasa la tatu, mwenye ualbino. Ameelekezwa na jirani. Alikuja na daftari la mtoto kunionyesha kwamba anaendelea vizuri. Nikalifungua. Mstari wa kwanza ulikuwa nusu sentensi, kuna "ana" na "soko", kisha herufi zinapanda juu ya nyingine mpaka ukingoni. Chini yake vema kubwa. Ukurasa wa pili vivyo hivyo. Nikamwomba mtoto anisomee alichoandika, akamtazama mama yake. Mama akasema mwalimu wao ni mzuri sana, ameagiza mtoto asisumbuliwe.

Ilinichukua muda kuanza kuzungumza. Sikutaka kumvunja moyo mama ambaye amempata mwalimu mwenye upendo, kwa sababu wako wanaopata kinyume chake. Nikatoa lensi yangu ya kukuzia, nikaiweka juu ya ukurasa wa kitabu cha hadithi, nikamwambia mtoto aisogeze mwenyewe. Akasoma "sungura". Akaendelea, polepole, akikwama, akirudia. Alipokosea neno nikamwambia, "Hapana, rudia." Akarudia. Mama yake alitaka kumsaidia, nikamshika mkono.

Ijumaa tutakwenda shuleni pamoja, nimekwishaomba ruhusa kazini. Nitamwomba mwalimu amweke dawati la mbele kabisa, asome kwa sauti anachoandika ubaoni, na asahihishe daftari kwa wino mwekundu palipokosewa. Lensi nimemwachia mtoto. Jumatatu inayofuata mama atampeleka hospitali ya CCBRT akapimwe macho, maana tangu azaliwe hajawahi kupimwa.