Sakafu ya mbao kubinuka: kilichonisaidia Mombasa

Kila masika mbao za sebuleni zilibinuka kingo, ukikanyaga zinalia. Msasa, vanishi mpya, misumari zaidi: wapi!

Tukang'oa chache, nikabandika kipande cha nailoni juu ya zege tupu, kingo zote nikaziba kwa tepu, kikalala hapo. Asubuhi matone tele kwa ndani. Kumbe unyevu ulipanda kutoka chini.

Tukatandaza nailoni nzito, maungio yamepandana na kuzibwa, juu yake tabaka mbili za plaiwudi, maungio yakipishana, bila kutoboa nailoni, ndipo sakafu. Ila kazi yenyewe iko ukutani: nailoni ipandishwe kidogo, na mbao ziachiwe nafasi ya kama milimita 12 pande zote, skating (ubao mwembamba wa chini ya ukuta) itaificha. Hewa ya pwani hutanua mbao, zikikosa pa kwenda zitainuka tu.