Mabingwa Wasio na Suruali

Columbus, Ohio. Jumatano, 22 Januari 2025

Juzi usiku Ohio State, timu ya chuo kikuu cha hapa Columbus, wamebeba ubingwa wa taifa wa futiboli ya Kimarekani ya vyuo kule Atlanta. Notre Dame wamekufa 34–23. Na jana, toka tulipoingia shifti saa nne usiku mpaka tunatoka alfajiri, ghala letu zima lilikuwa linabishana jambo moja: tumeshinda, au hatujashinda?

Ukiwa Dar au Mombasa utadhani watu wamechanganyikiwa. Kombe lipo, picha zipo, mji haukulala. Ila ukiishi huku miaka minne utaelewa. Tarehe 30 Novemba, timu hii hii ilipigwa 13–10 na Michigan, chuo cha jimbo jirani na wapinzani wao wakubwa kuliko wote. Nyumbani. Mbele ya watu zaidi ya laki moja. Na Michigan waliokuja siku hiyo walikuwa wachovu, wameshafungwa mechi tano msimu huo. Ilikuwa mara ya nne mfululizo. Wiki ile nusu ya mji ilitaka kocha Ryan Day afukuzwe kabla jua halijazama.

Halafu kuna hili la suruali. Mwaka 1934 alikuja hapa kocha mpya, Francis Schmidt. Akaulizwa habari za Michigan, ambao wakati huo walikuwa wanaogopwa, akajibu kwamba nao wanavaa suruali mguu mmoja mmoja kama sisi. Mwaka huo huo akawafunga 34–0. Tangu hapo kila mchezaji wa Ohio State anayeifunga Michigan hupewa kidani kidogo cha dhahabu chenye umbo la suruali. Ukiifunga mara tatu, una suruali tatu. Usipoifunga, hata uwe na makombe kabatini, huna suruali. Jack Sawyer, mtoto wa Pickerington, hapo jirani tu, kamaliza miaka yake minne: bingwa wa taifa, suruali hana hata moja.

“Mabingwa uchi,” alisema dada wa Toledo jana, akifungua bakuli lake la chakula. Basi, ubishi ukawaka.

Nieleze kwanza tuko nani. Chumba chetu cha mapumziko kina meza mbili, na ya karibu na maikrowevu ndiyo yetu. Yupo mzee wa foklifti, mzaliwa wa hapa hapa Columbus, ambaye mimi nilianza kumwita Mzee kwa heshima na sasa ghala lote linamwita hivyo wakidhani ndilo jina lake la utani. Yupo dada wa Toledo, raia halali wa Ohio anayeshangilia Michigan, na mji wake una wengi wa namna hiyo kwa sababu mpaka uko pua na mdomo. Yupo ndugu yetu wa Bukavu. Nami, mtoto wa Songea na mtu wa Msimbazi, yaani Simba, niliyekuja huku nikiamini mpira unachezwa kwa miguu.

Usiku wangu wa kwanza mezani pale ndugu wa Bukavu, naye mgeni vilevile, alininong'oneza: “Yaya, hii mupira banachezaka na mikono, sasa banaitaka futiboli juu ya nini?” Yaani, kaka, mpira wa mikono kwa nini unaitwa futiboli? Sikuwa na jibu. Tulitazama mchezo ule tukiona watu wanaanguka, wanasimama, wanajadiliana, wanaanguka tena. Leo huyo huyo wa Bukavu ndiye mkali wetu wa sheria. Refa akitupa kitambaa cha njano, yeye anataja kosa kabla halijatangazwa.

Kitu kilichonishangaza mimi zaidi ni kwamba hawa ni wanafunzi. Uwanja wa Benjamin Mkapa unachukua watu 60,000, nasi tunauona mkubwa. Huu wa hapa, uliofunguliwa mwaka 1922, unachukua zaidi ya 102,000, na ule wa Michigan pale Ann Arbor 107,601. Kwa timu ya chuo! Siku ya mechi watu wanafika alfajiri, wanaegesha magari, wanafungua milango ya nyuma, wanawasha majiko, na kuna wanaokula na kunywa pale mpaka mechi inaisha bila kuingia uwanjani kabisa. Wao huita teligeti. Kwetu tungesema ni harusi isiyo na bibi harusi.

Mezani petu, mechi ni mlango tu wa kuingilia. Tukishaingia, tunakwenda popote. Tumebishana kama chili, ule mchuzi wao mzito wa nyama na pilipili, inatakiwa kuwa na maharage. Tumebishana kuhusu ile ya Cincinnati, inayotiwa mdalasini na kumwagwa juu ya tambi. Mzee anaiona ni aibu ya jimbo, mimi niliyelelewa na pilau naitetea peke yangu. Tumebishana bei ya insulini, chumvi ya kuyeyusha barafu inavyokula magari, na kama mtoto wa miaka kumi na moja apewe simu. Siasa tu ndiyo hatugusi. Kila mmoja anajua mwenzake alipiga kura wapi, na hakuna anayeuliza. Nimekaa na Waswahili wenzangu kwenye vikao vya harambee ambavyo havikuvumilia hata nusu ya hayo.

Ubishi mrefu kuliko wote ni wa pesa. Toka Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kuvuna pesa kwa majina na sura zao, na mkurugenzi wa michezo wa hapa, Ross Bjork, alisema wazi kwamba kikosi hiki kimegharimu kama dola milioni 20. Mzee linamuuma hilo. Anasema zamani kijana alicheza kwa ajili ya jezi. Dada wa Toledo anacheka: “Milioni 20, mkafunga pointi kumi.” Mimi niko upande wa vijana. Watu laki moja wamelipa kiingilio, kocha analipwa mamilioni, televisheni inalipa, muuza soseji nje anapata chake; anayevunjika goti ndiye peke yake aambiwe acheze kwa mapenzi? Tulishawasikia viongozi wa klabu kwetu wakiimba wimbo huo huo.

Na bendera. Mechi ile ya Novemba ilipokwisha, wachezaji wa Michigan walikwenda kuchomeka bendera yao katikati ya uwanja, ngumi zikaruka, polisi wakapuliza pilipili, Sawyer akainyakua bendera akaichana kutoka kwenye mti wake. Kila chuo kikatozwa faini ya dola 100,000. Dada wa Toledo anasema ni furaha ya ushindi, nyie mngeshinda ingekuwa hivyo. Mzee anasema humchomekei mtu bendera sebuleni kwake. Ndugu wa Bukavu alinyamaza kwa muda mrefu, halafu akasema kwao kuna watu walikuja kuchomeka bendera kweli, hataki kuona mchezo huo popote. Tukarudi kazini mapema siku hiyo.

Nimekuwa nikitafuta neno la hiki ninachokiona. Kwa lugha yao wanasema uhasimu. Mimi siamini. Hasimu hujui siku ya kuzaliwa ya mtoto wake. Neno ni utani.

Nililipata vizuri siku dada wa Toledo aliposimulia vita vya mji wake. Mwaka 1835 Ohio na Michigan waligombea ukanda wa ardhi wenye Toledo, kila upande ukatoa wanamgambo wake. Vita vyenyewe vilikuwa vya kelele. Damu pekee iliyomwagika ni ya naibu sherifu aliyechomwa kisu kidogo cha mfukoni, akapona, na aliyemchoma aliitwa Two Stickney. Yaani Mbili. Kaka yake aliitwa One. Baba yao, Benjamin Stickney, aliwapa watoto namba. (Mzee aliuliza Tatu alikuwa wapi, hatukuweza kuendelea kwa dakika tano.) Mwishowe Ohio wakapewa Toledo, Michigan wakafidiwa rasi ya kaskazini, wakanuna, kisha wakakuta huko kuna shaba na chuma. Mwaka 1837 wakawa jimbo. Mwaka 1897 timu za vyuo vyao zikakutana uwanjani kwa mara ya kwanza.

Nikasikia habari ya nyumbani kabisa. Wangoni na Wahehe walipigana miaka ya 1870 na 1880 mpaka wakachoka, leo ni watani. Bibi yangu mzaa mama alipofariki, Mhehe mmoja ambaye sikuwahi kumwona aliingia kaburini kabla jeneza halijashushwa, akakaa chini, akagoma kutoka mpaka alipwe, akidai marehemu alikufa na deni lake la ulanzi. Mama yangu, aliyekuwa analia tangu juzi yake, alicheka. Nilikuwa na miaka tisa na nilikasirika sana. Ilinichukua muda kujua kwamba yule mtu alikuwa kazini.

Desemba hii mke wa Mzee alifariki. Alikuwa ameugua muda mrefu. Tulikwenda watatu kutoa pole, tukiwa na nguo zetu safi, ndugu wa Bukavu amebeba maua kwa sababu aliambiwa huku ndivyo. Mlangoni palikuwa na kitabu cha rambirambi. Niliandika sentensi zangu mbili za Kiingereza cha tahadhari. Dada wa Toledo akashika kalamu, akaandika jina lake, na chini yake: 13–10.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimwangalia ndugu wa Bukavu, naye akawa anasoma maua.

Mzee alikuja baadaye kupitia kile kitabu, miwani puani, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Alipofika pale alisimama. Mabega yakaanza kutikisika, nikadhani amevunjika, kumbe anacheka, anacheka mpaka akashika ukuta. Akamwita kwa sauti katikati ya ukumbi ule wa huzuni, “Toka nje ya msiba wangu!”, kisha akamkumbatia na hakumwachia upesi.

Nikiwa njiani kurudi nilimweleza dada yule habari za Mhehe na kaburi. Akaniomba nilirudie neno. Mtani. Sasa ndivyo anavyojiita, kwa lafudhi ya Toledo, na Mzee anamlipa dola moja kila anapodai deni.

Mzee pia alituambia jambo nililokuwa nalijua juu juu. Bo Schembechler, kocha aliyewasumbua Ohio State miaka na miaka akiwa Michigan, alikuwa mtoto wa Barberton, Ohio, na alikuwa msaidizi wa kocha Woody Hayes hapa hapa Ohio State kabla ya kuhamia upande wa pili. Alifariki tarehe 17 Novemba 2006, siku moja tu kabla ya timu hizi kukutana zikiwa namba moja na namba mbili nchini. Kesho yake uwanja wa Columbus ulimkumbuka kwa ukimya. Mzee alikuwamo. Halafu mechi ikaanza, Ohio State wakashinda 42–39, na Mzee anasema alishangilia kwa sauti zote alizonazo, kwa sababu Bo angemdharau mtu anayeshangilia kinyonge.

Sasa turudi jana. Swali la Mzee lilikuwa hili: ungepewa nafasi ya kurudisha kombe ili uifunge Michigan, ungerudisha? Nilisema nisingerudisha, kombe ni kombe. Njia ya hawa vijana nimeitazama yote: Tennessee 42–17, Oregon 41–21, halafu Texas, pale Sawyer alipompokonya mpira Quinn Ewers, aliyewahi kuishi naye chumba kimoja chuoni hapa, akakimbia nao yadi 83. Mambo hayo huyarudishi dukani.

Ndugu wa Bukavu akanigeukia na kunichoma kwa Kiswahili, ili wengine wasisikie: “Na ile tano ya Yanga?”

Novemba 2023. Tano kwa moja. Nilikuwa peke yangu garini kwenye maegesho ya ghala, simu mkononi, na nilikaa pale mpaka nikachelewa kupiga kadi. Nilimjibu kwamba sisi tuliwapiga tano bila mwaka 2012, jibu ambalo kila mtu wa Msimbazi analo mfukoni na halijawahi kumponya yeyote. Nikafikiri kidogo. Nikamwambia Mzee nimebadili jibu.

Wiki ya Michigan, Mzee hubandika tepe nyekundu juu ya kila herufi M ghalani, desturi ya mji mzima. Ya maikrowevu aliibandika, na ya kitambulisho changu pia. Naitwa Musa. Ilipofunikwa ile M ikabaki USA, na Mzee akanipongeza kwa kupata uraia bila usaili. Jana usiku dada wa Toledo alinibandulia, akasema msimu umekwisha, mtani, kuwa na jina lako.

Nilisubiri aende chooni, nikaibandika tena.