Kitaulo cha Ndege

Julai 2023 dada yangu mkubwa alikuwa anamuozesha binti yake wa kwanza huko Johannesburg, na alishasema mapema kwamba bila mama harusi haifungwi. Kwa hiyo mama wa Tukuyu, miaka sabini na moja, ambaye safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Dar kwa basi, ikabidi atafutiwe pasipoti, na mi kitinda mimba nisiye na mume wala kisingizio nikateuliwa kuwa msindikizaji. Ijumaa kwenda, Jumatatu kurudi, wikiendi tu. Viza Mtanzania haombi kwa ziara fupi ya Afrika Kusini, hapo tulipona.

Ya kwenda nisiieleze sana. Ekonomi, siti za katikati, masaa matatu na nusu kutoka Dar, na mama ana goti la kulia ambalo ni miaka sasa linamtesa, goti la kupanda na kushuka mashamba ya chai hilo, halitaki kukunjwa muda mrefu. Akashuka anachechemea kanishika bega. Hakulalamika, alisema tu, "Basi la Mbeya lina nafuu, linasimama watu wakachimbe dawa."

Shemeji alituona pale tunatoka. Hakusema kitu.

Harusi ilikuwa Jumamosi na ilikuwa nzuri, mama alicheza amekaa kwenye kiti, mikono tu, inatosha. Ninachotaka kusimulia kinaanzia Jumapili. Asubuhi baada ya ibada mama akamwambia dada, nataka kuona kule alikochimba baba.

Hapa lazima nirudi nyuma kidogo. Babu, yaani baba yake mama, alikuwa mmoja wa wale vijana wa Rungwe walioenda Joni, ndo hiyo Johannesburg, miaka ya hamsini na Wenela, lile shirika lililokuwa linaandikisha vijana wa migodini, kuchimba dhahabu. Wazee wa kwetu wanaijua hiyo habari, karibu kila ukoo una mtu alienda, mpaka baada ya uhuru serikali yetu ilipokataa watu kuchukuliwa tena. Mama alikuwa bado mdogo kabisa babu alivyoondoka, hakumkumbuka hata sura, na siku aliporudi alikimbia akajificha nyuma ya migomba akidhani ni mgeni. Babu alirudi na vitu viwili, sanduku la bati na blanketi zito la kijivu lenye mstari mwekundu pembeni. Hilo blanketi mama ndo kakulia ndani yake, na wadogo zake wote, na mi mwenyewe nimelikuta, wakati huo limekuwa jembamba unaona mwanga upande wa pili, ila ole wako ulikalie.

Basi dada akatuendesha upande wa kusini wa jiji, njia ya kwenda Soweto, akasimamisha gari pembeni pale vinapoonekana vile vilima vya njano. Si milima ya Mungu ile, ni mchanga uliobaki baada ya mawe kusagwa na dhahabu kutolewa, umerundikwa miaka na miaka. Mama aliteremsha kioo. Baridi ikaingia, na Joni ya Julai ni kama Uyole ya Mbeya tu, si ajabu maana mji umekaa juu huko kwenye mita elfu moja na mia saba, sawasawa na Mbeya. Akatazama weee. Halafu akauliza, "Kwa hiyo huu ndo uchafu alioutoa baba?"

Dada akasema ndiyo mama, na wenzake.

"Ni mwingi," mama akasema, akapandisha kioo.

Usiku ule shemeji kakaa mezani na laptopu, anabonyeza, anapiga simu, anabonyeza. Sasa huyu shemeji nikiri tu mi nilikuwa namuona mbahili, mtu anayezima taa ya chumba ambacho bado umo. Saa nne usiku akaita, "Shem, njoo uone." Kumbe katumia pointi zake za ndege, zile anazokusanya akisafiri kikazi, za miaka, katuhamishia mama na mimi mbele. Bizinesi klasi. Nikamuuliza kwanini na mimi, akasema, "Sasa mama atakaa mbele na nani, na we ndo mdomo wake?" Baadae sana ndo dada akaniambia zile pointi walikuwa wamezipangia likizo yao. Sijawahi kumsema tena kwa habari ya taa.

Jumatatu eapoti. Kwenye kukabidhi mizigo tukapita mstari wetu peke yetu, mtu hata mbele hayupo, mama anageuka nyuma kuangalia ule msururu mwingine anauliza, "Wale wamekosa nini?" Tukapelekwa launji. Jamani. Mi nilikuwa nimejiapiza nitajifanya nimezoea, nitatembea taratibu kama mtu mwenye hisa, lakini ukiwa na mama yangu huwezi. Kaona meza ya chakula kakataa kusogea mpaka ajue nani analipa. Nikamwambia kimeshalipiwa kwenye tiketi, akasema basi mkwe wangu ameumia, ngoja nile. Akala. Chai ndo hakuimaliza. Alifungua kile kipakiti, akanusa, akachovya, akaangalia rangi, akaniambia kwa Kinyakyusa kwamba haya ni maji yaliyopita karibu na shamba. Mtu aliyechuma chai Rungwe maisha yake yote, utamwambia nini.

Ndege ikaitwa, tukaingia wa kwanza. Siti zimekaa mbili mbili kila upande, pana, si vile vitanda kamili vya safari za usiku kucha, hapana, lakini kiti kinalala nyuma sana na kuna kipande kinainuka chini kinabeba miguu. Mama nikamuweka dirishani, upande wa kushoto. Akaja dada mhudumu, mtu wa kule kule, kapendeza, kainama mpaka usawa wa macho yake, akamsalimia kwa heshima zote, "Welcome, Gogo."

Mama akanigeukia taratibu. "Mwambie mi si Mgogo."

Nikasema mama, huku...

"Mwambie. Mi Mnyakyusa wa Tukuyu. Dodoma nimepita mara moja tu."

Nikajitahidi kumweleza yule dada huku nataka kucheka na nataka ardhi ipasuke, na watu wa siti za jirani wenye tai zao wanasikiliza. Kumbe kwa Kizulu gogo ni bibi, wanamuita hivyo mzee wanayemheshimu. Yule dada alicheka mpaka akashika kiti, akauliza basi nikuite nani, mama akasema Mama inatosha. Toka hapo alikuwa "Mama" safari nzima na nadhani tulihudumiwa kuliko wale wenye tai.

Sasa vile vitaulo. Kabla ya kuruka wanapita na sinia lina vitaulo vidogo vimekunjwa kama maandazi ya kuviringisha, vya moto, vinatoa mvuke, vina harufu ya limau kwa mbali, wanakupa kwa koleo. Wenye tai wakafuta vidole, wakarudisha, sekunde kumi. Na mimi nikafuta vidole sekunde kumi kama wao. Mama alikipokea, akakifungua, akakishika kati ya viganja vyake muda, halafu akapandisha kitenge kidogo akakilaza juu ya goti la kulia. Akafumba macho.

Mi nikanong'ona, "Mama, hicho ni cha mikono."

"Mikono yangu haiumi," akasema, macho kafumba.

Yule dada akarudi kukusanya na sinia lake, nikaanza kuomba radhi na Kiingereza changu cha haraka, yeye akaangalia goti, hakusema kitu, akaondoka. Akarudi na vingine viwili. Kimoja akamuwekea juu ya goti, kingine akamuonesha aweke nyuma yake, kwenye ule mkunjo, akambonyezea kitufe miguu ikainuka ikanyooka. Na tukiwa angani kila kikipoa anapita anabadilisha, bila kuitwa. Sijui vitaulo vingapi vilitumika, vilifika hata nane. Nikawa namuangalia mama usoni, unajua kuna ile mistari mitatu kati ya nyusi ambayo mi nilidhani ndo sura yake tu, nimemkuta nayo. Ilikuwa imeondoka. Nikageukia upande wa pili nikajifanya nasoma menyu.

Chakula kilikuja kwenye kitambaa cheupe, sahani ya udongo, kisu cha chuma, samaki au nyama uchague. Kizuri. Mama alisema samaki hana mwiba wala ladha. Tupite.

Yule dada akamletea blanketi pia, na hapo ndo mama alikaa sawa. Lilikuwa la kijivu. Laini, jepesi, halina mstari mwekundu, ila kijivu. Akalipapasa kwa vidole kama anayepima kitambaa dukani Mwanjelwa, akaligeuza upande wa pili, akatafuta pindo.

"Hili wanagawa?"

"Hapana mama, la kutumia humu tu."

"Babangu alirudi nalo."

Nikasema yule alilinunua mama. Akanyamaza. Mi kusema kweli kichwani nilishaanza hesabu, mkoba wangu ulikuwa na nafasi, blanketi lenyewe linakunjika likawa kama kanga, na mbona watu wanasema wanachukuaga. Nilikuwa nabakiza aseme tu ndiyo. Yeye akajifunika mpaka kifuani, akaegemea, akaangalia nje.

Tulikuwa tumeshapita kama nusu ya safari, mi nimeanza kusinzia, nikasikia nagongwa mkono. "We mtoto. Maji hayo." Nikainama kwa upande wake. Chini kulikuwa na ukungu wa moshi kama ule wa kiangazi watu wakichoma mashamba, lakini mbali kushoto kuna maji, mengi, yanang'aa kama bati, hayana mwisho. Nikaangalia ramani kwenye skrini. Ziwa Nyasa. Ncha ya juu ya ziwa hilo hilo ndo Kyela, ndo Matema, tunakonunua samaki. Kutoka hapo ukipanda kidogo uko Tukuyu.

"Ina maana nyumbani ni pale," mama akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Pale pale, ukifuata maji."

"Na sisi tunaenda wapi?"

"Dar. Tunalala, kesho asubuhi tunapanda nyingine ya kurudi Songwe, uwanja wa Mbeya."

Akaniangalia kama mimi ndo nimepanga hiyo njia. Na ukifikiria ana haki, tumepita karibu na nyumbani kwenda kulala baharini ili kesho turudi tena mamia ya kilomita. Halafu akauliza baba yake alitumia siku ngapi kwenda. Nikamwambia si wewe ulikuwa unasimulia, siku nyingi mpaka hesabu ikampotea. Akasema, "Eeh. Na alikuwa haoni ziwa kwa juu."

Tukashuka Dar giza limeingia, saa tumepoteza moja, ya kule iko nyuma. Kabla ya kusimama mama alilikunja lile blanketi. Si kukunja kule kwa kurundika, alilitandaza mapajani akalinganisha kona kwa kona, akalinyoosha kwa kiganja, akakunja tena, likawa mraba kama unaliweka sandukuni, akampa yule dada mikononi kwa mikono miwili. "Ndaga fijo," akamwambia, asante sana ya Kinyakyusa hiyo. Hakunisubiri nitafsiri. Yule dada naye akapiga goti kidogo, akajibu kwa Kizulu, sijui alisema nini, wakaelewana.

Goti halikuwa limepona, asije mtu akadhani. Ila alishuka ngazi mwenyewe ameshika chuma, bega langu hakulitaka.

Kesho yake Songwe, halafu taksi, Uyole, Isyonje, Kiwira, mvua ya rasharasha kama kawaida ya kwetu hata kiangazi, saa nane mchana tuko nyumbani na majirani wamejaa sebuleni kusikia habari za Joni. Wakamuuliza amekuta nini huko. Akawaambia harusi, akawaambia baridi, akawaambia vilima vya mchanga. Ya kuitwa Mgogo akaisimulia mara tatu, kila mara yule dada anazidi kucheka.

Jioni watu wametawanyika niko jikoni napasha mbalaga, ndizi zetu za kupika, nikasikia ananiita kutoka chumbani. Nikaitika abee mama. Akasema chemsha maji kidogo, uniletee kitaulo cha ndege. Nikachukua taulo dogo la bluu la kunawia uso, nikalichovya, nikalikamua nikaungua vidole, nikampelekea kwenye sahani. Limau hatukuwa nayo.

"Koleo liko wapi?" akauliza.