Latke za Hanuka zilikuwa teketeke: tiba ni kukamua

Latke ni vibapa vya viazi vya kukaanga vinavyoliwa Hanuka, sikukuu ya Wayahudi. Zikilegea na kunywa mafuta, usilaumu jiko; ni maji ya viazi. Kwaruza kilo 1 ya viazi na kitunguu kikubwa kimoja, funga kwenye kitambaa safi, kamua mpaka mikono ichoke. Maji hayo yaache kwenye bakuli dakika 10, yamwage taratibu, kisha wanga mweupe uliotuama urudishe kwenye viazi: huo ndio unaoshikanisha. Mayai 2, unga wa ngano vijiko 3 vya chakula. Chumvi iwe ya mwisho kabisa, maana huvuta maji upya.

Mafuta kina cha nusu sentimita, nyuzi 180 hivi. Ukijaza latke nyingi kikaangoni kwa pamoja, mafuta yanapoa. Dakika 3 hadi 4 kila upande, kisha zipange kwenye wavu. Juu ya karatasi mvuke huzilainisha tena.