Daraja la Amiri

Meli ya usiku kutoka Napoli ilifunga gatini Palermo, kisiwani Sisilia, Italia, alfajiri. Hata chai sikungoja, nikamwomba dereva wa teksi anipeleke Ponte dell'Ammiraglio, yaani Daraja la Admeri.

Daraja lenyewe limebaki nchi kavu. Mto Oreto ulishahamishwa mkondo, na chini ya matao yake yaliyochongoka kumeota majani. Niliweka kiganja kwenye jiwe, bado lina ubaridi wa usiku. Aliyelijengesha, katika karne ya 12, ni George wa Antiokia, mkuu wa majeshi ya baharini ya Mfalme Roger II wa Sisilia. Huyo ndiye niliyemfuata, kwa sababu ya cheo chake, admeri.

Kwetu Tanga neno "amri" nililijua kabla sijajua kusoma. "Hiyo ni amri, si ombi," mama alikuwa akisema, na ukishalisikia hilo unainuka. Mwenye kutoa amri ni amiri, ndiyo maana Rais wetu huitwa Amiri Jeshi Mkuu. Nilikuwa mtu mzima nilipogundua kwamba na "admeri" wa manowari ni huyohuyo amiri.

Mabadiliko hayo yalifanyika hapa Sisilia. Waislamu walipokitawala kisiwa, amiri alikuwa mtawala wa nchi kavu, hana lazima ya kujua hata tanga. Wanormani, Wakristo kutoka kaskazini mwa Ufaransa, wakauteka mji wa Palermo mwaka 1072, lakini cheo wakakiacha kilivyo. Makarani wao wakakiandika kwa Kilatini, ammiratus. Kisha akaja George, Mkristo aliyewahi kuwatumikia watawala wa Mahdia, ng'ambo ya pili ya bahari, Tunisia ya leo, na Kiarabu anakijua vizuri. Roger akampa cheo cha amiri wa maamiri. Kwa kuwa kazi yake kubwa ilikuwa kuongoza merikebu za vita (Tripoli aliichukua 1146, Mahdia 1148), neno likaingia baharini pamoja naye na halikurudi pwani tena. Waitaliano wakasema ammiraglio, Wahispania na Wareno almirante, Wafaransa amiral. Waandishi wa Kilatini wa enzi za kati wakachomeka "d", kwa kulichanganya na neno la Kilatini lenye maana ya kustaajabia, na Waingereza wakapata admiral. Na hiyo "d" ndiyo iliyotufikia sisi. Neno moja limetua pwani yetu mara mbili: kwanza na Kiarabu, halafu na manowari za Wazungu, na mara ya pili hatukulitambua.

Mchana nilikwenda kwenye kanisa la Martorana, alilolianzisha George mwaka 1143; jina lake la kale ni Mtakatifu Maria wa Amiri. Ndani, kwenye picha ya vijiwe vya rangi na dhahabu, George amejiinamisha miguuni pa Bikira Maria, mgongo umeinuka kama gamba la kobe. Upande mwingine Kristo anamvika Roger taji. Juu ya kichwa cha mfalme pameandikwa kwa herufi za Kigiriki, lakini ukizisoma unapata neno la Kilatini, rex. Nilisimama hapo muda mrefu. Katika mji huu neno lilivaa nguo ya jirani bila kuona haya.

Jioni nikaenda kanisa kuu. Kwenye nguzo moja ya ukumbi wa mlango wa kusini kumechongwa maandishi ya Kiarabu, na hakuna aliyeyafuta karne zote hizo. Ni aya ya 54 ya Suratul A'raf, niliyoihifadhi chuoni nikiwa mdogo: usiku unaoufunika mchana, jua, mwezi na nyota zilizotiishwa. Nilifuata herufi kwa kidole bila kuzigusa, huku nikisoma kwa sauti ya chini, mpaka nikafika mahali ambapo mwalimu wetu alikuwa akitutaka tutulie kidogo. Bi-amrihi. Kwa amri Yake.