Nilivyotenganisha pampu.S na pampu.s

Niliandika programu ya maikrokontrola (kompyuta ndogo ndani ya chipu moja) ya aina ya AVR kwa ajili ya pampu ya umwagiliaji wa matone katika shamba la zabibu la mjomba wangu, Hombolo, Dodoma. Nilianza na lugha ya C katika pampu.c, kisha nikaiandika upya kwa asembli, lugha iliyo karibu zaidi na ya mashine, katika pampu.S ili niweze kupima muda kwa usahihi zaidi. Nilipotaka kulinganisha kazi yangu na ya kompaila, yaani programu inayotafsiri C, niliiendesha kompaila ya GCC kwa chaguo la -S, linaloiagiza itoe asembli, nayo ikazalisha pampu.s. Kwenye kompyuta yangu ya Linux, yenye mfumo wa mafaili wa ext4, unaotofautisha herufi kubwa na ndogo, mafaili hayo mawili yalikaa folda moja bila kugombana.

Yaligombana kwenye flashi. Wakati wa kunakili niliulizwa kama faili lililopo libadilishwe, nikakubali nikidhani ni nakala ya jana yake. Tulipolifungua shambani kwenye kompyuta ya mwenzangu, mstari wa kwanza ulisomeka .file "pampu.c": kazi ya kompaila ilikuwa imekalia mahali pa kazi yangu ya mkono, na ya kwangu ilikuwa imebaki nyumbani, Nkuhungu. Flashi ile ilikuwa na mfumo wa mafaili wa FAT32, ambao hulihifadhi jina kama lilivyoandikwa lakini hautofautishi herufi kubwa na ndogo unapolitafuta. Mfumo wa NTFS chini ya Windows, na diski za Mac zinavyotayarishwa kwa kawaida, nazo ni hivyohivyo.

Nisingeweza kutumia s ndogo tu, kwa sababu kwa GCC herufi hiyo ina maana: faili la .S hupitishwa kwanza kwenye hatua inayoshughulikia #include na #define, mistari ya kuingiza mafaili mengine na kuyapa majina thamani, ilhali la .s huenda moja kwa moja kwa asembla, programu inayogeuza asembli kuwa msimbo wa mashine, ambayo kwenye AVR huichukulia mistari hiyo kuwa maelezo tu, na majina kama PORTB, la rejista ya kudhibiti pini za chipu, hukosa thamani. Kiendelezi .asm, walichokizoea watumiaji wa asembla za NASM na MASM, nacho hakikufaa, maana GCC haikitambui.

Nilichochagua ni .sx, ambacho GCC hukishughulikia sawasawa na .S. Faili langu sasa ni pampu.sx, majina yote nayaandika kwa herufi ndogo, na kila kinachozalishwa na kompaila nakielekeza kwa -o, chaguo la kutaja faili la matokeo, kwenye folda ya peke yake, ili hata mtu asiyeijua habari hii aweze kunakili mradi mzima bila kupoteza mstari.